Kuku Aitwaye Faini

Mgeni rasmi, Dakta Trupti, uliyetoka Jinja asubuhi hii kuja kusikia maoni yetu juu ya sheria ndogo za mbwa na kuku wa mjini. Wakazi wa Nabuyonga. Wenye mbwa, wenye kuku, na wenye alama za meno miguuni:

Kabla ya salamu tumekubaliana kutubu. Siku ya ubao, utakayoisikia mbele, mjinga alikuwa katibu wetu, Waiswa, huyu huyu anayekusomea. Alituomba tusiandike "mjinga", tuandike "aliteleza". Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. "Aliteleza" ilipata mkono mmoja, wake mwenyewe, na hata huo aliunyoosha nusu. Kwa hiyo utakapomsikia akilitaja jina la Waiswa kana kwamba ni la jirani yake, usishangae. Maneno ni yetu, yeye ametoa sauti tu. Hiyo ndiyo adhabu tuliyompa.

UKARIBISHO

Karibu sana, Daktari. Viti tumeviazima msikitini, turubai kanisani, na jua hili tumepewa na Mungu bila kuazima. Jisikie uko kwa ndugu zako.

Utakuwa umeona kwamba mezani pana maua, pana maji, ila hapana kuku. Wewe ni mtu wa huku, unajua desturi: mgeni wa heshima haondoki Mbale bila kuku aliyefungwa miguu, akilia ndani ya gari hadi Jinja. Leo hutapewa kuku. Usituone wachoyo, wala usidhani tumewala wote jana. Sababu iko mbele, na tunakuomba uivumilie hadi tuifikie.

SISI NI AKINA NANI

Tuko hamsini na wawili. Wengi wetu tunapanga vyumba vinavyotazamana, mlango kwa mlango, na katikati ua wa kuanikia nguo. Katika ua huo huo ndimo tunamofuga: mitetea watatu wa huyu, bata wa yule, na mbwa ambaye kwa jina ni wa mmoja ila kwa kubweka ni wa wote.

Nyumbani tunasema Lumasaba, sokoni Luganda, na Kiswahili tunawasemesha mbwa. Hatutanii. Kiswahili kilitufikia kimevaa buti. Wazazi wetu walikisikia kwa wanajeshi kwenye vizuizi vya barabara, wakashika maneno manne: simama, kaa, toka, kimbia. Mambo yalipotulia wakayarithisha kwa mbwa. Hadi leo ukimwambia mbwa wa Nabuyonga "Kaa!", atakaa. Ukimwambia mwenye mbwa, atakuuliza umetumwa na nani, afande.

Ndiyo maana Waiswa alipohamia huku tulimpokea kama profesa. Yeye ni Msoga wa Buwenge. Alikuwa utingo wa malori miaka kumi na mmoja, akaenda hadi Mombasa na kurudi. Aliibiwa mzigo, akalala mahabusu kwa kosa la dereva, akaachwa porini na gurudumu moja la akiba alilinde kwa siku nne. Akarudi na meno pungufu na, kwa madai yake, Kiswahili kamili. Kila aliyepita alitaniwa naye: mwenye kichwa kikubwa, mwenye baiskeli ndogo, mwenye mke mkali. Tulimpenda. Tukampa ukatibu, ubao wa matangazo na kopo la rangi.

SIKU YA UBAO

Mwezi wa tatu mwaka jana Waiswa alipigiwa simu. Mtu wa chanjo ya kichaa cha mbwa angekuja Jumatano, na chanjo ni bure. Sharti lilikuwa moja: mbwa wote wafungwe tangu alfajiri, na kuku pia, wasimzonge mtu akifanya kazi. Waiswa alijibu "Ndiyo, afande" mara tatu na kukata simu kabla ya kuambiwa kwaheri, maana brashi ilikuwa mkononi tayari. Akaandika kwa herufi za kuonekana toka barabarani:

JUMATANO MBWA WOTE WAFUGWE. KUKU PIA.

Daktari, wewe umeshaona. Kufunga ni kamba. Kufuga ni kukaa na mnyama na kumlisha. Kati ya neno hili na lile pamekaa N moja, na Waiswa aliiacha ndani ya kopo. Tulimwona akishuka ngazi, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kama seremala mbele ya kitanda alichomaliza.

"Eee," akasema. "Mwandiko huo!"

Watu wakakusanyika wakasoma. Jafar, fundi viatu, mwenye mbwa mwekundu aitwaye Komando, alisoma mara mbili.

"Mbwa yangu nafuga miaka sita," akasema. "Jumatano ndio wananikumbuka?"

"Na Alhamisi?" akauliza Khainza, muuza nyanya. "Alhamisi tunawapa ruhusa waende kwao?"

Sulaiman, ambaye hakuwahi kuwa na mbwa na hakumtaka, aliuchukulia ubao kwa uzito. Alipiga hesabu yake: ikiwa mbwa wote ni lazima wafugwe, na mitaani wako wasio na wenyewe, basi wanaotafutwa ni watu kama yeye. Alipanda boda boda hadi Nkoma, akamwomba mwalimu mmoja mbwa mtoto, akarudi naye ndani ya kikapu amekishika mbali na kanzu yake kama mtu aliyebeba chungu cha moto.

"Mimi sitaki kesi," akasema.

Mtaa mzima ulicheka. Waiswa alicheka kuliko wote, na hakuuliza tunacheka nini. Alidhani ni mzaha wake wa asubuhi ndio unaoendelea kufanya kazi.

Jumatano mtu wa chanjo alifika kwa pikipiki, na sanduku la barafu kiunoni. Mbwa arobaini na mmoja walimwona, wakatawanyika. Alikimbiza, sisi tukakimbiza, watoto wakashangilia kama mpira. Hadi saa sita alikuwa amechanja saba. Wa kwanza wao alikuwa yule wa Sulaiman, kwa kuwa alikuwa kikapuni. Komando alikuwa jalalani, nyuma ya soko. Jafar alimwita toka mbali kwa amri aliyozoea kumpa kila siku: "Kaa!" Na Komando, mbwa mtiifu, akakaa huko huko aliko.

Mtu wa chanjo alifuta jasho mbele ya ubao, akausoma.

"Nani aliandika hivi?"

"Ofisi," akasema Waiswa.

"Basi niandikieni barua. Mkiomba, mwezi ujao narudi."

Barua hiyo ilikuwa ya katibu kuiandika. Waiswa aliianza mara mbili. Kila akifika pale pa kueleza kwa nini mbwa hawakufungwa, kalamu ilisimama, kwa sababu ilibidi aandike kwamba yeye, wa Mombasa, hajui kuandika "wafungwe". Mwezi ukapita. Hatukumkumbusha. Mzaha ulikuwa bado mtamu, nasi tuliendelea kuula.

KUKU WA SULUHU

Mwezi wa sita Rahmah, binti wa Bushira, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Bushira anapika chapati karibu na geti la shule, na chumba chake ni cha mwisho kabisa uani. Rahmah alikuwa na mitetea wawili aliowahesabu asubuhi na jioni, ingawa ni wawili tu. Alasiri moja Komando aliingia uani akitembea upande, mate yanamchuruzika, akamkamata mmoja. Rahmah hakupiga kelele. Aliingiza mkono mdomoni mwa mbwa kumtoa kuku wake. Kuku hakupona, na mkono ukaumwa kifundoni.

Sasa, Daktari, sikiliza desturi yetu. Mbwa akimuuma mtu, mwenye mbwa hupeleka kuku kwa aliyeumwa. Kuku huchinjwa, pande zote mbili hula chungu kimoja, na tangu hapo neno la mbwa halisemwi tena. Ni desturi nzuri. Imezuia mapanga mengi. Jafar alikuja kabla jua halijazama, mtetea wa madoadoa kwapani, na msuluhishi wake alikuwa Waiswa.

"Mbwa kala mkono," akasema Waiswa, "sasa mkono ule kuku. Mambo sawa, hakuna deni!"

Tulicheka. Rahmah naye alicheka, mkono umefungwa kitambaa juu ya chumvi na majani ya kupondwa. Ila kisu kilipoletwa alimkumbatia yule kuku.

"Mzee Waiswa, huyu hachinjwi. Hii ni faini yangu, si yenu. Aliyeumwa ni mimi."

"Haya, hakimu. Basi mwite Faini."

Akamwita Faini.

Bushira ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Tusimpeleke hospitali?"

Tulimjibu wengi kwa pamoja, na hatutasingizia mmoja. Tulisema mkwaruzo kama huu wa nini hospitali. Tulisema utamtia Jafar matatani bure. Na Waiswa, kwa kuwa ndiye msuluhishi, akaongeza lile lililomaliza: "Mama Rahmah, kuku umeshapokea." Kwetu kuku akishapokelewa, mdomo umefungwa.

Siku ya tano Komando hakurudi nyumbani. Tukasema amefuata jike. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Zilipita wiki tano. Kidonda kilikuwa kimepona, Faini ameanza kutaga. Kisha mkono ukaanza kumwasha Rahmah pale pale palipokwisha kufunga. Homa ikaja, tukasema ni malaria. Asubuhi ya pili mama yake alimpelekea kikombe cha chai. Rahmah alikitazama, koo likakaza, akakisukuma, akaanza kulia na huku anasema, "Mama, sitaki kulia, sijui kwa nini nalia." Alikuwa na kiu, na aliogopa maji.

Waiswa ndiye aliyewapeleka hospitali. Daktari wa huko aliuliza swali moja tu: mbwa alimuuma lini? Waiswa ndiye aliyejibu, siku na mwezi. Walielezwa kwa upole kwamba sindano zipo, na kwamba hutolewa mwanzoni, siku ile mtu aumwapo, baada ya kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Ugonjwa ukishajionyesha, sindano haina la kufanya.

Rahmah alifariki siku ya tatu. Tulimzika baada ya Alasiri. Jafar alichimba kaburi, akakataa kupokezana jembe.

TULIYOYAFANYA TANGU SIKU HIYO

Tuliandika ile barua. Aliiandika Waiswa, mbele yetu, na pale pagumu hapakumsimamisha. Mtu wa chanjo alirudi, akakuta mbwa wamefungwa kila mmoja mlangoni kwake. Mbwa wote wa mtaa sasa wamechanjwa, na kila mmoja ana utepe mwekundu shingoni, uliokatwa na washonaji wetu.

Kuku hawatoki kabla ya saa tatu asubuhi, mama wakishamaliza kufagia. Banda linasafishwa kila Jumamosi, mavi yanakwenda kwenye migomba. Jogoo anayewika kabla ya adhana ana siku saba za kujirekebisha, kisha mchuzi. Mbwa akiuma mtu, kwanza ni sabuni na maji, robo saa nzima, Khainza akihesabu. Pili ni hospitali. Kuku ni baadaye, na hana ruhusa ya kufunga mdomo wa mtu.

Tangazo lolote sasa husomwa na watu wawili kabla rangi haijakauka, kisha Waiswa hupita mlango kwa mlango akilisema kwa lugha zetu zote. Ubao ule hatukuufuta. Tuliongeza N kwa rangi nyekundu, imebanwa kati ya U na G kama abiria aliyechelewa. Watoto wamembandika Waiswa jina la Bwana N. Huitika.

MAGUMU YETU

Daktari, kamati yako imetuletea rasimu, nasi tumeisoma kwa makini ya watu waliochelewa kusoma. Mengi tunayakubali. Kifungu cha saba ndicho kinachotukwama kooni. Kinasema nyumba ambayo ua wake haufiki hatua ishirini isifuge mnyama wala ndege yeyote, na watakaokutwa baada ya mwisho wa mwezi huu wataondolewa. Wapimaji wamekwisha kupita. Wameacha alama ya chaki kwenye milango isiyotosha.

Tulimuuliza mmoja wao, kijana mwenye adabu: kama hatua ni kumi na tisa?

"Mzee, sheria haina mguu mfupi," akatujibu.

Hatuna ugomvi naye. Ila mbwa aliyetuumiza alikuwa na ua mpana, Jafar anakaa pembeni penye nafasi. Hakikukosekana kiwanja, ilikosekana kamba, sindano, na mtu wa kusema ukweli mapema. Nasi tuna mwenzetu mmoja, hatumtaji, mwenye chumba cha mwisho na ua wa hatua sita. Mlango wake una chaki. Hana mbwa. Amebakiwa na kuku mmoja, mtetea wa madoadoa, ambaye siku hizi hatagi sana. Hamchinji, hamuuzi, na jioni humhesabu, ingawa ni mmoja tu.

MAOMBI

Tunaomba chanjo ya mbwa iwe kila mwaka kwa tarehe inayojulikana, isingoje barua ya katibu mwenye haya.

Tunaomba sheria iandike wazi kwamba aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na yeyote atakayesuluhisha kwa kuku kabla ya sindano ashtakiwe. Waiswa ameomba kifungu hicho kiitwe kwa jina lake. Tumemkatalia. Sheria si kaburi la kuandika majina.

Tunaomba kifungu cha saba kipime usafi na uangalizi badala ya hatua. Mje mtukague, mje hata bila hodi. Tumeambiwa risala haiombi kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo tunawaombea wote wenye hatua sita.

Na sasa unajua kwa nini meza haina kuku. Tukikupa kuku leo ukampokea, kwa desturi yetu neno limekwisha, na sisi hatutaki liishe. Urudi Jinja mikono mitupu, likulilie hilo njiani badala ya kuku. Ukishaamua, kwa heri au kwa shari, njoo tena. Banda zima ni lako.

KUHITIMISHA

Mungu akulinde barabarani, akupe masikio mapana kuliko ua wowote. Ayarehemu marehemu wetu, awatulize waliobaki, na mbwa wetu awape wenyewe wenye akili.

Ni sisi, Umoja wa Wafugaji wa Uani, Nabuyonga, Mbale.

Limebaki jambo moja, nalo kikao kiliamuru lisomwe baada ya jina la chama, makofi yasije yakalifunika. Risala hii Waiswa aliiandika kwanza peke yake, akaja kutusomea. Mahali pa ubao alikuwa ameandika "dosari ndogo ya uandishi". Sulaiman akasema iachwe hivyo, tusijivue nguo mbele ya mgeni. Khainza akasema ifutwe, iandikwe mjinga. Sauti zikapanda, kila mtu na lake, nusu saa nzima. Bushira alikuwa nyuma, karibu na mlango. Hakuwa amesema neno kikaoni tangu mazishi.

"Soma tena hapo," akasema.

Waiswa akasoma.

"Ndogo?"

"Mama Rahmah," akasema Waiswa, "ilikuwa herufi moja tu."

"Na mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu."